Mungu Akubariki, Nitakutumia Jioni

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, saa kumi hivi alasiri, mama anayenifulia nguo alisimama mlangoni kwangu akingoja pesa zake. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, ncha zimekuwa nyeupe. Alikuwa amefua blanketi mbili, mashuka, sare za watoto na zile suruali za jinzi ambazo kila mama fua wa Nairobi huzitazama kwanza kabla ya kutaja bei. Tulikuwa tumepatana shilingi 600. Dakika chache kabla hajamaliza, simu yangu ilikuwa imelia: M-Pesa, imethibitishwa, shilingi 2,000 zimeingia kwenye paybill, yaani namba ya malipo, ya kanisa, akaunti ZAKA. Salio langu likabaki shilingi 214.

Nikamwambia, "Mama, Mungu akubariki sana. Nitakutumia jioni."

"Amina," akasema. Kisha akaniita kwa jina la binti yangu, Baba Fulani, kama wanavyoniita wote kwenye ploti. "Wewe ni mtu wa kanisa. Najua hutanisahau." Akavaa ndala zake, akashuka ngazi za ghorofa nne huku ameshikilia ukuta, maana taa ya pale iliungua tangu Krismasi na hakuna aliyeibadilisha.

Nilimtumia Jumanne. Nikazidisha mia moja, bila neno.

Sikuwa na nia mbaya. Hilo nimejiambia mara nyingi, na kila nikijiambia naona lisivyosaidia. Yule mama alikuwa amezipangia zile pesa kazi tangu asubuhi: unga wa jioni, tokeni za stima, labda nauli ya mtoto ya Jumatatu. Jumapili nzima ujira wake ulikaa kwangu, nami nimeketi safu ya tatu kutoka mbele nikiimba mikono juu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ya ucheleweshaji wenyewe ni ile kauli yangu. Itazameni vizuri. Katika "Mungu akubariki", nani anafanya kazi? Mungu. Mimi nimejitoa katika sentensi, nimebaki msemaji tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni dirisha la kulipia halafu anaenda zake. Na ilifaa pale mlangoni kwa sababu haikubishika. Mama akidai zaidi baada ya baraka, yeye ndiye ataonekana hana adabu. Ningesema tu "sina pesa", angeweza kuniuliza: mbona ulinikubalia kazi? Baraka ilimfunga mdomo.

Maneno haya tunayo mengi, na Nairobi tunayatumia kutwa. "Nitakuombea." "Bwana atatenda." "Tumwachie Mungu." "Yote kwa wakati wake." Utayasikia kwa jirani aliyeombwa mkopo, kwa mwenye nyumba aliyeambiwa paa linavuja, kwa bosi aliyeulizwa mshahara wa mwezi uliopita. Katika sensa ya 2019 zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya walijitaja kuwa Wakristo. Maana yake ni kwamba katika jiji hili la watu milioni nne na ushei, mara nyingi anayedai na anayedaiwa wote ni watu wa kanisa. Wote wawili wanaijua lugha hiyo. Mmoja anabariki, mwingine anaitika amina, na deni liko palepale.

Yakobo aliyaona haya zamani. Katika sura ya pili ya waraka wake anamtaja mtu anayemwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, asimpe kitu. Ninavyousoma mimi, Yakobo hana ugomvi na maneno yenyewe. Kumtakia mtu amani ni jambo jema. Ubaya ni kwamba maneno yamekaa pale ambapo blanketi na chakula vilipaswa kukaa, na msemaji anaondoka akijihisi ametoa kitu.

Kuhusu ujira, maandiko hayazungukizungushi. Kumbukumbu la Torati 24 inaamuru kibarua maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake uko kwenye ujira huo. Mambo ya Walawi 19 inakataza ujira wa mtu kulala kwako hadi asubuhi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 18, nayo inasema kibarua wa kutwa alipwe mwisho wa siku. Musa na Bunge letu wamekubaliana juu ya magharibi! Mimi ujira wa mama yule ulilala kwangu usiku tatu, na katika siku hizo tatu nilisoma Biblia mara mbili.

Sasa hebu tuirudie ile zaka. Nilituma shilingi 2,000, nikabaki na 214, na nilikuwa nadaiwa 600 zilizokwisha kufanyiwa kazi. Kwa hesabu ya darasa la tatu, karibu shilingi 400 katika zile nilizompelekea Mungu zilikuwa za mama fua. Yeye ndiye aliyetoa sadaka Jumapili ile, bila kuulizwa, na jina lililosomeka kwenye rekodi za kanisa ni langu.

Nalisema hili kwa sababu miaka hii miwili mitatu Wakristo wa Kenya tumepata ujasiri wa kuuliza pesa za madhabahuni zinatoka wapi. Juni 2024, vijana walipokuwa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, hasira yao iligeukia pia makanisa yanayowapa wanasiasa mimbari. Novemba mwaka huohuo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alizikataa pesa ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, upande wa Embakasi. Fedha taslimu zilikuwa shilingi milioni 2.6, akaagiza zirudishwe. Tulishangilia. Mimi nilituma ile taarifa kwenye makundi matatu ya WhatsApp na vikono vya kupiga makofi. Swali lilikuwa zuri: je, kilicholetwa hapa mbele kimetoka kwenye mfuko wa nani? Tatizo la swali zuri ni kwamba halimwogopi mtu. Likishatoka kwa mwanasiasa linakuja kwa mwanakwaya, kwa mzee wa kanisa, kwa Baba Fulani wa ghorofa ya nne.

Mtu ataniambia, na ataniambia kwa haki, kwamba Nairobi ni mji wa kucheleweshana. Mimi mwenyewe kuna watu niliowafanyia kazi Novemba wakanilipa Machi. Mwenye duka la jumla anamcheleweshea dereva, dereva anamcheleweshea mama mboga, mama mboga naye ana kijitabu chake kimejaa majina. Kweli. Lakini angalia mnyororo huo unakoelekea. Deni linashuka, halipandi. Stima hailipwi kwa baraka, tokeni zikiisha taa zinazimika. Karo hailipwi kwa "Bwana atatenda". Mkopo wa simu unakatwa wenyewe hata kabla hujafungua ujumbe. Anayelipwa mwisho ni yule asiye na jinsi ya kukukatia kitu, naye ndiye tunayembariki zaidi.

Jumatano fulani tulikuwa na ushirika wa nyumba kwa familia moja huku Eastlands. Watu kumi na wanne, viti vya plastiki vimeazimwa kwa jirani, chai ya tangawizi kwenye thermos mbili, mandazi yamefunikwa kitambaa. Msichana wa kazi, hana miaka zaidi ya ishirini, aliingia mara tatu: kuleta vikombe, kuleta chai, kumchukua mtoto aliyeanza kulia. Hakuna aliyemwambia keti. Sikumwambia hata mimi. Somo lilikuwa upendo wa kindugu. Wakati wa mahitaji ya maombi ulipofika, mama mwenye nyumba aliomba tumwombee "dada atulie", kwa kuwa huyu ni wa tatu tangu Pasaka na kazi yake mwenyewe mjini inaharibika kila msichana akiondoka.

Tukasimama kuomba. Mfereji ulikuwa unamwaga maji jikoni, vyombo vinaoshwa. Sauti ya kwanza ya maombi ilipopanda, mfereji ukafungwa. Ukakaa umefungwa dakika zote tulizoomba, na tulipofika "amina" ukafunguliwa tena. Msichana alikuwa amesimama jikoni gizani gizani, mikono ina povu, akituheshimu tunavyomwombea asituhame.

Sijaisahau ile kimya ya mfereji. Kati ya watu kumi na watano waliokuwa katika nyumba ile, yeye peke yake ndiye aliyeacha kazi yake kwa ajili ya sala.

Serikali imeweka kima cha chini cha mshahara. Kuanzia Novemba 2024, agizo la mishahara liliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi, na sheria inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukizitaja tarakimu hizi kwenye ushirika, watu wanaanza kutafuta vikombe vyao. Najua pia kwamba wengi wanaoajiri hawana kitu: mwalimu wa shule ya binafsi, nesi, karani, watu ambao kiasi hicho kinaweza kuwa nusu ya kile wanachopokea wenyewe. Siwezi kumwambia mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi matatu kwamba yeye ni mnyanyasaji. Ila namwambia hivi: asiyeweza kununua mwezi mzima wa maisha ya mtu kwa bei ya halali, anunue kiasi anachoweza. Amchukue wa kutwa, wa siku tatu kwa wiki. Ampe Jumapili yake. Na kuna vitu havina bei kabisa, kama kumwita kwa jina lake. Katika ushirika ule sote tulimwita yule msichana "dada", neno zuri la udugu, na katika nyumba nyingi za Nairobi limegeuka cheo cha asiye na jina.

Barua fupi ya Paulo kwa Filemoni inaingia hapa vizuri kuliko mahubiri mengi ninayoyasikia. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, akatengana na bwana wake, akakutana na Paulo kifungoni, na sasa anarudishwa, safari hii kama ndugu mpendwa. Paulo anaandika kwamba kama Onesimo amemkosea Filemoni au anadaiwa kitu, basi deni hilo aandikiwe yeye Paulo, naye atalilipa, na anaweka mkono wake mwenyewe kuthibitisha. Watu husoma barua hii kama habari ya msamaha. Mimi nasimama kwenye salamu zake za mwanzo: imetumwa kwa Filemoni, na Afia, na Arkipo, na kwa kanisa lililo nyumbani mwake Filemoni. Yaani ushirika wao ulikuwa unakutana katika nyumba ileile Onesimo alimokuwa akifanya kazi. Kuna jioni walisomewa barua ile, na viti vimepangwa. Natamani kujua Onesimo aliketi wapi.

Nisiwe mtu wa lawama tupu. Kuna mahali Wakristo wa Nairobi tunafanya vizuri ajabu, nako ni kwenye matanga. Mtu akifiwa katika jiji hili, ndani ya saa chache kundi la WhatsApp limeundwa, mwenyekiti na mweka hazina wamechaguliwa, na kila jioni watu wanatoka kazini kuja kuketi na wafiwa. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele tangu miaka ya 1970, hapa ndipo zinapoonyesha zilivyoumbwa. Bili ya hospitali, mochari, jeneza, basi la kwenda mashambani, vyote vinalipwa na watu ambao wengi wao hawana akiba ya wiki mbili. Nimeona mlinzi wa usiku akitoa shilingi 200 na mweka hazina akalisoma jina lake kwa sauti ileile aliyomsomea meneja.

Nimejiuliza kwa nini pale tunaweza. Jibu langu ni daftari. Kwenye matanga mtu anaomba, anaimba, anasema "poleni, Bwana awafariji", kisha mweka hazina anafungua daftari. Maneno na pesa vinasimama bega kwa bega mbele ya watu, hakuna kimoja kinachokaa badala ya kingine. Nyumbani kwa mfiwa sijawahi kusikia mtu akisema "Mungu awabariki, nitatuma jioni" bila mweka hazina kuandika: ahadi, kiasi fulani, na kumpigia kesho yake asubuhi. Sisi ni watu wa kuaminika sana kwa marehemu.

Kwa walio hai mambo yanakuwa magumu, hasa fedha zikiingia kati ya ndugu wa kanisa moja. Kwenye kwaya moja ninayoifahamu, mwimbaji wa sauti ya tatu alichukua mkopo wa sacco, chama cha akiba na mikopo, wenzake watatu wakamdhamini. Utaratibu mnaujua: mkopaji asipolipa, sacco inakwenda kwenye akiba za wadhamini. Akalipa miezi mitano, akanyamaza. Kisha akahamia kanisa lingine upande wa pili wa mji, ambako nasikia anaimba vizuri. Mmoja wa wadhamini, mama mjane, alikatwa akiba aliyokuwa anaiweka kwa karo ya mwanawe. Alipolipeleka kwa wazee, aliambiwa amsamehe ndugu yake, asiharibu ushuhuda wa kwaya.

Neno hilo la ushuhuda lilinikaa kooni. Anayeharibu ushuhuda, kwa hesabu ya wazee wale, ni anayetaja deni. Aliyelikimbia amebaki na ushuhuda wake mzima. Na ndivyo tunavyofanya na msamaha siku hizi: tunaudai kwa aliyeumia, upesi, ili sisi wengine turudi kwenye mazoezi ya Alhamisi. Mjane anaweza kumsamehe yule bwana, na nafikiri amekwisha kumsamehe, kwa sababu ndivyo alivyo. Lakini msamaha wake haumpi mkopaji risiti. Zakayo alipomkaribisha Yesu nyumbani hakungoja kuulizwa, alitaja mwenyewe kwamba kama amemdhulumu mtu atarudisha mara nne, na ni baada ya maneno hayo ya fedha ndipo Yesu alipotamka wokovu katika nyumba ile.

Katika Mathayo sura ya tano kuna agizo ambalo tumelisikia hadi limechakaa. Ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka pale kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane naye kwanza, kisha urudi. Wanaosikiliza ni watu wa Galilaya. Madhabahu iko Yerusalemu. Kati ya pale na pale ni kama kilomita 120, kwa miguu. Kwa wa Nairobi, ni kama umefika madhabahuni, mbuzi umemfunga, halafu unakumbuka mtu aliye Gilgil. Yesu anasema: mwache mbuzi hapo, tembea Gilgil, patana, ndipo urudi. Hebu fikirini ingekuwa hivyo kwetu. Jumapili saa nne asubuhi, sadaka inaanza kuzunguka, na watu wanainuka mmoja mmoja kwenda steji ya matatu: huyu anakwenda Kayole, yule Rongai, mwingine anauliza kama kuna gari la Kitui. Mhubiri angebaki na watoto wa Sunday School na mpiga kinanda, na hata mpiga kinanda sina hakika.

Kwenye ndoa sitakaa sana, ingawa ndiko maneno yetu yanakoumiza zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Wanawake hao wamo makanisani, wengi wakiwa na sare za chama cha akina mama. Mmoja akithubutu kusema, mara nyingi anajibiwa "omba, mama, na uvumilie". Kenya ina sheria ya kumlinda mtu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia anayepiga. Mchungaji anayejua mstari wa kuvumilia na hajui njia ya kwenda mahakamani ajue kwamba sala yake imewekwa mahali pa mlango.

Haya si mageni kwetu, wala hatukuyaletewa na semina. Shosho yangu, bibi yangu, alikuwa mtu wa uamsho, wale walioitwa ahonoki, yaani waliookoka, kule Kiambu. Uamsho ule uliwaka Gahini, Rwanda, katika misheni ya Kianglikana, baada ya Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929 na kusoma Biblia pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika Kenya, ukaingia kwa Waanglikana, kwa Wapresbiteri, kwa Wamethodisti. Watu wa uamsho walikuwa na mambo yao, nakiri. Waliungama mbele ya watu hata yasiyofaa masikio ya watoto, na walikuwa wepesi kumhukumu asiyesema kama wao. Wakati wa Hali ya Hatari waliyotangaza wakoloni miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wengine wakakataa pia kushika bunduki za wakoloni, na wako waliouawa kwa msimamo huo.

Ila walikuwa na desturi moja ambayo tumeiacha ipotee, ya kurudisha. Mtu akiokoka, kazi yake ya kwanza ilikuwa kurudisha alichoiba. Shosho alichuma kahawa shambani kwa mzungu akiwa msichana, na malipo yalikuwa kwa debe. Siku moja alihesabiwa debe ambalo halikuwa lake, akanyamaza. Miaka kadhaa baadaye, ameokoka na ana watoto wawili, alitembea hadi shambani kule na senti zake zimefungwa kwenye kitambaa, akamwambia nyapara alichofanya. Nyapara alifungua kitabu, akatafuta mahali pa kuandika pesa hizo, akakosa. Kitabu kilikuwa na safu ya malipo, safu ya faini na safu ya siku za kazi, basi. Akamwambia, "Nenda nazo, mama, hakuna anayezidai." Shosho akakataa kuondoka. Alikaa chini ya mti hadi saa nane, mtoto mgongoni, mpaka yule nyapara alipozipokea ili apate kula chakula chake kwa amani.

Nikiwa mdogo nilidhani ni hadithi ya kuchekesha, na yeye mwenyewe aliisimulia akicheka. Siku hizi nawaza juu ya ule mti na zile saa. Shosho hakuwa mtu wa maneno mengi ya dini. Alisali kwa sauti ya chini, kwa Kikuyu, na sala zake zilikuwa fupi kwa sababu kulikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Mama fua alikuja tena mwezi uliopita, baada ya kukaa kwao mashambani kwa muda. Nilikuwa nimeziweka noti tayari mezani, chini ya kijiko zisipeperuke, na kabla hajaanika shuka la mwisho nikampelekea uani. Alikausha mikono kwenye leso, akazihesabu, akazikunja. Kisha akafungua pochi ndogo, akatoa noti ya mia moja, akaninyooshea.

"Ile siku ulituma mia saba," akasema. "Kazi ilikuwa ya mia sita. Nimekuwa nikiiweka."

Nikamwambia aiache, haikuwa makosa. "Nilikuchelewesha, mama. Ilikuwa ya kukuomba radhi."

Akaitazama noti, akanitazama, akageuka kuchukua vibanio vya nguo.

"Basi si ungesema."